Kosa la "to" na "-ing" lina historia yake

Ndugu msomaji, leo naomba siasa tuziweke pembeni kidogo. Nataka tuzungumzie kitu kilichonipatia bakora mbili.

Nilikuwa kidato cha pili, kwetu Pemba. Mwalimu wa Kiingereza aliugawa ubao sehemu mbili. Kushoto akaandika "enjoy", "avoid", "finish", "mind". Kulia akaandika "want", "hope", "decide", "promise". Vitenzi vya kushoto, akasema, hufuatwa na "-ing". Vya kulia hufuatwa na "to". Kesho kila mtu aje amehifadhi. Mmoja wetu akauliza kwa nini. Jibu likawa: ndivyo Kiingereza kilivyo. Kesho yake nikainuka na kusema "I enjoy to read". Bakora zikafuata.

Mnadhani niliacha? Miaka ikapita, nikamaliza chuo kikuu, nikaomba kazi gazetini. Siku ya kwanza ofisini mhariri alinionyesha barua yangu ya maombi huku akicheka. Nilikuwa nimemalizia kwa "I look forward to hear from you", na neno "hear" lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu. Nilicheka naye, lakini rohoni niliona aibu. Mtu mwenye shahada!

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kosa hili linatoka wapi.

Hebu tuanze na Kiswahili chetu. Nataka kusoma. Napenda kusoma. Nimemaliza kusoma. Kusoma kwake kumemfikisha mbali. Ku- ni ile ile kote. Katika sentensi ya mwisho "kusoma" ni jina kabisa, limefuatwa na "kwake" na kupatanishwa na "kumemfikisha". Lakini ukisema "kusoma kitabu", neno hilo hilo linabeba yambwa kama kitenzi chochote. Ndiyo maana wanasarufi wetu wakaliita kitenzi-jina. Ni vyote viwili kwa pamoja.

Sasa mtoto wa Wete au Mkoani anafundishwa siku ya kwanza kwamba "kusoma" ni "to read". Akishika hilo, ataweka "to" kila mahali penye ku-. Huo si ujinga, waungwana. Mtoto ametumia mantiki, ila ya lugha aliyoizoea.

Jambo la kushangaza ni kwamba Waingereza walililijua hili zamani. Mwaka 1864 mmisionari Edward Steere alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer. Mwaka 1870 alichapisha kitabu cha sarufi ya Kiswahili kama kilivyozungumzwa Zanzibar. Majina aliyagawa katika ngeli nane, na ya nane ilikuwa ya hivi vitenzi vya ku- vinavyotumika kama majina. Akawaeleza wasomaji wake kwamba ku- hiyo hiyo inafanya pia kazi ambayo wao huifanya kwa "-ing". Kwa hiyo Mwingereza aliyekuja kujifunza Kiswahili alielezwa tofauti hii mapema kabisa, kwa kuanzia lugha yake mwenyewe. Mimi wa Pemba, zaidi ya karne moja baadaye, niliambiwa nihifadhi orodha.

Je, Kiingereza chenyewe kilipata wapi njia mbili? Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, "-ing" ilikuwa ni mwisho wa majina tu. Neno "learning" waliliandika "leornung", na lilikuwa jina kama jina jingine lolote. "To" nayo ilikuwa kihusishi cha mwelekeo, yaani kuelekea mahali au lengo fulani. Baadaye, katika karne za kati, jina lile la "-ing" likaanza kubeba yambwa kama kitenzi. Umbo la "to" nalo likazidi kuenea, likapoteza sehemu ya maana yake ya mwelekeo. Maumbo mawili yakaanza kugombania nafasi moja.

Na ugomvi huo ulikuwa mrefu. Karne ya 18 Mwingereza msomi aliandika bila wasiwasi "I remember to have seen him", yaani nakumbuka nilimwona. Leo mwanafunzi akiandika hivyo atakatwa alama, ni lazima aandike "I remember seeing him". Hata mwaka 1762, Robert Lowth alipotoa kitabu chake maarufu cha sarufi, alikuwa bado anawakemea Waingereza wenzake kwa kuchanganya matumizi ya jina na ya kitenzi katika hii "-ing". Wenyewe walikuwa wanababaika!

Na zile orodha za ubaoni? Hapa kuna mtu anayeitwa A. S. Hornby. Mwaka 1924 alikwenda Japani kufundisha Kiingereza, kisha akafanya kazi pamoja na Harold Palmer. Aliona kwamba kumjulisha mwanafunzi maana ya kitenzi hakutoshi. Ni lazima aelezwe kitenzi hicho hufuatwa na nini. Yeye na wenzake wawili wakaandaa kamusi iliyopanga vitenzi katika ruwaza 25, ikachapwa Tokyo mwaka 1942. Oxford wakaitoa upya mwaka 1948, na ndiyo mama wa kamusi ile nene ya wanafunzi tunayoijua sote. Yaani taabu za wanafunzi wa Kijapani ndizo zilizosaidia kuzaa mpangilio ule. Mgeni yeyote hukwama hapo, si Mpemba peke yake.

Ukiijua historia hii, orodha zinaanza kuwa na sura. "To" bado ina harufu ya mwelekeo, na mara nyingi hutaja jambo lililo mbele: kutaka, kutumaini, kuamua, kuahidi. "-Ing" bado ina harufu ya jina, hulichukua tendo kama kitu kilichopo tayari: kumaliza, kufurahia. Si kila kitenzi kinatii. "Avoid", kwa mfano, hukwepa hata jambo ambalo halijatokea, na bado hudai "-ing". Lakini ni afadhali kuliko giza.

Waliosoma nahau ya Kiarabu chuoni watanielewa haraka zaidi. Wao wanaijua masdari, jina la tendo. Ibada, hesabu na tafsiri asili yake ni masdari za Kiarabu, na tunazitumia kila siku. "-Ing" ni jirani wa karibu wa masdari.

Wala Kiswahili si maskini. Mwingereza akisema "he stopped smoking", sisi tunasema aliacha kuvuta. Akisema "he stopped to smoke", tunasema alisimama ili avute. "Kumbuka kufunga mlango" si sawa na "nakumbuka nilifunga mlango". Tofauti tunayo, tunaionyesha kwa njia nyingine tu.

Kwa nini nasumbuka na haya? Kwa sababu ya rafiki yangu niliyekaa naye deski moja. Kwa Kiswahili aliweza kukueleza vizuri mkataba wa Juni 1873, ambao Sultani Barghash alilazimika kufunga kwao soko la watumwa, na jinsi Steere huyu huyu alivyojenga kanisa mahali pale. Mtihani wa historia ulikuja kwa Kiingereza. Akaogopa kila sentensi, akaandika nusu ukurasa. Skuli ikaishia kidato cha nne, na sasa msimu ukifika anachuma karafuu za watu. Sekondari zetu bado zinafundisha masomo mengi kwa Kiingereza, kwa hiyo sarufi hii huamua pia nani atafaulu historia na baiolojia.

Nilipokwenda likizo nilimweleza kisa cha barua yangu. Nikamwambia "to" ya "look forward to" ni ile ile ya zamani ya mwelekeo, na baada yake huja jina. Unaweza kusema unaingojea Idi, "look forward to Idi". Basi kwenye nafasi ya Idi weka tendo lililogeuzwa jina: "hearing".

Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kumbe ni jina tu. Sasa yule maalim alishindwa nini kutwambia?"

Walimu wangu wapendwa, mtakapoandika tena zile safu mbili ubaoni, tafadhalini, anzeni na ku-.