Uteuzi wa Vitabu vya Kusomewa Wanafunzi: Mtazamo kutoka Angurai

Angurai iko kaskazini mwa Kaunti ya Busia, karibu na mpaka wa Kenya na Uganda. Mwanafunzi wa huko aghalabu hukua akisema Kiteso nyumbani, na Kiswahili hukipata shuleni, sokoni na mjini Malaba, wanakokutana madereva wa malori na wachuuzi. Afikapo sekondari hutakiwa kusoma fasihi ya lugha ambayo sikio lake limeisikia kwa uchache, na zaidi katika shughuli za biashara. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya uteuzi wa vitabu vya shule imelijali jicho kuliko sikio, na kwamba mwalimu anayesomea darasa kwa sauti hana budi kutumia kipimo kingine.

Mwaka 1902 mkoa wa mashariki wa Uganda ulitiwa katika himaya iliyokuja kuwa Kenya, na Wateso wakagawanywa na mpaka. Ng'ambo ya pili, Gavana Gowers alikitetea Kiswahili mwaka 1927, lakini Buganda ilikipinga vikali, nacho hakikupata mizizi shuleni. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ambayo miongoni mwa kazi zake ilikuwa kusanifisha tahajia na kuidhinisha vitabu vya shule. Katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, ni miongoni mwa waliofasiri riwaya za Kiingereza, kama vile Kisiwa chenye Hazina. Kipimo kikuu cha Kamati kilikuwa usanifu: je, maneno yameandikwa ipasavyo? Swali la namna yatakavyosikika halikupewa uzito huo.

Baadaye walitokea waandishi wenyeji: James Mbotela na Uhuru wa Watumwa (1934), Shaaban Robert na Adili na Nduguze (1952), Muhammad Saleh Farsy na Kurwa na Doto (1960). Hazina ikaongezeka, lakini vipimo navyo vikaongezeka. Kimoja kilikuwa maadili: Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) ilizuiwa kwa muda katika shule za Tanzania. Kingine kilikuwa mtihani. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza Kenya mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa. Faida yake haikanushiki. Bila hatua hiyo wengi wa Angurai wasingeisoma fasihi ya Kiswahili kamwe. Walakini kitabu cha mtihani husomwa kwa kutafuta maudhui na wahusika, na sauti yake hupotea.

Hasara hiyo ni kubwa zaidi kwa msemaji wa Kiteso. Lugha hii ni ya jamii ya Kinailoti, na majina yake hugawanyika kwa jinsi: etelepat ni mvulana, apese ni msichana, ikoku ni mtoto. Ngeli za Kiswahili, ambazo upatanisho wake hupita katika sentensi nzima, zadai mazoea mengine. Kanuni zaweza kuandikwa ubaoni. Mazoea huingia kwa kusikia.

Basi mwalimu ateue nini? Kwanza, kisa kinachokamilika katika kipindi kimoja: Hekaya za Abunuwasi zafaa, kwa kuwa mzaha wake hueleweka papo hapo. Pili, nathari yenye mizani: Shaaban Robert hupanga sifa na vitendo kwa jozi, hata upatanisho ukasikika mara kwa mara, ijapokuwa msamiati wake wahitaji maelezo kabla ya kusoma. Tatu, kisa kinachokaribia maisha ya msikilizaji: katika Siku Njema ya Ken Walibora (1996) kijana anatoka Tanga kumtafuta babake nchini Kenya, na kuvuka mpaka si jambo geni Malaba.

Mtu aweza kusema kwamba mtihani hauachi nafasi. Ni kweli nafasi ni finyu. Lakini mwanafunzi asiyeisikia sentensi hujibu maswali kwa kukariri muhtasari, na fasihi humwisha siku ya mtihani.

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kukifanya Kiswahili lugha rasmi na somo la lazima shuleni. Ndugu waliotengwa mwaka 1902 huenda wakasoma vitabu vile vile. Yafaa wanaoviteua wavisome kwanza kwa sauti.