Mwalimu, Fishi na Intaneti Masisi na Walikale

Historia ya intaneti katika madarasa ya Masisi na Walikale, maeneo mawili ya mkoa wa Kivu ya Kaskazini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haieleweki bila historia ya mwalimu mwenyewe, kwa kuwa kila zana mpya ilipitia mikononi mwake, na ilipokosa mtu wa kumwonyesha namna ya kuiingiza katika somo, ilibaki nje ya darasa.

Msingi uliwekwa na mkataba wa mwaka 1906 kati ya Dola Huru ya Kongo na Vatikani, ambao uliyapa mashirika ya wamisionari ardhi kwa sharti la kufungua shule, na utawala wa Kibelgiji baadaye ukaongeza ruzuku. Rais Mobutu alizitaifisha shule hizo mwaka 1974, kisha mwaka 1977 zikarudi mikononi mwa makanisa kwa mkataba, na ndiyo maana shule nyingi huitwa za konvensheni, yaani shule za umma zinazosimamiwa na kanisa. Jambo lenye thamani kubwa katika mpangilio huo lilikuwa ukaguzi, kwani mkaguzi alisoma fishi, yaani karatasi ya maandalizi ya somo, akakaa darasani, kisha akajadiliana na mwalimu kuhusu alichokiona. Uchumi ulipoporomoka katika miaka ya 1980 na 1990, mishahara ilikosa thamani, wazazi wakaanza kumlipa mwalimu kwa mchango ulioitwa prime, na ziara za wakaguzi vijijini zikawa adimu. Elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2019, iliwapunguzia wazazi mzigo huo, lakini ilijaza madarasa.

Katika hali hiyo ndimo mtandao ulimoingia. Kwanza ulipatikana kwa dishi za satelaiti katika ofisi na vibanda vya Goma, kwa gharama ambayo mwalimu wa kijijini hakuimudu; baadaye nyaya za chini ya bahari zilizofika Mombasa kuanzia mwaka 2009, pamoja na kuenea kwa simu za mkononi, ziliufanya umfikie mwalimu mfukoni kabla ya kufika shuleni. Karibu na mwaka 2018, mtaala mpya wa sayansi uliingiza somo la teknolojia ya habari na mawasiliano katika mwaka wa saba na wa nane, lakini shule isiyo na umeme hulazimika kulifundisha kwa chaki. Hali hii ni ya uchungu zaidi kwa sababu koltani ya Rubaya, katika Masisi, na kasiterite ya Bisie, katika Walikale, ni madini yanayoingia katika vipuri na lehemu ya kuunganishia ndani ya simu na kompyuta za dunia nzima.

Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, redio, hasa Radio Okapi iliyoanzishwa mwaka 2002, ilirusha masomo na kuwafikia watoto ambao mtandao usingewafikia. Funzo lake ni wazi: intaneti haimfikii mtoto moja kwa moja bali kupitia mwalimu, na mahali ambapo simu moja ya mwalimu ndiyo mashine pekee, matumizi ya kwanza ya intaneti yako katika kuandaa fishi, mwalimu akipakua jaribio la fizikia au ramani panapopatikana mtandao, akawapa wenzake kwa kadi ya kumbukumbu, na wote wakaijadili kabla ya kuingia darasani. Kazi hiyo inahitaji utulivu, ilhali mapigano yaliyofika Shasha, kijiji cha kando ya Ziwa Kivu kwenye barabara ya Goma na Minova, mapema mwaka 2024, yaliwahamisha walimu pamoja na wanafunzi wao.

Limebaki suala la lugha. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inatambua lugha za taifa, Kiswahili kikiwamo, kuwa lugha za kufundishia na si masomo tu, lakini sehemu kubwa ya yale ambayo mwalimu wa Masisi hukuta mtandaoni yameandikwa kwa Kifaransa na kwa ajili ya watoto wa nchi nyingine. Kwa hiyo masomo ya Kiswahili ya miaka ya mwanzo, yenye mifano ya mashamba ya Wahunde wa Masisi na misitu ya Wanyanga wa Walikale, yanangoja kuandikwa na walimu wa huko wenyewe, nao wanastahili kulipwa kwa kazi hiyo kama wanavyolipwa waandishi wa vitabu vya shule.