Uwanja wa ndege wa Eldoret: maendeleo ama siasa? (uzi)

1/ Kila msimu wa kampeni swali hili linarudi. Wengine wanausifu uwanja huu, wengine wanasema ni pesa ya umma iliyomwagwa shambani. Hebu tuangalie historia kabla hatujaanza kutukanana.

2/ Ulifunguliwa 1997. Viwanja vya kimataifa wakati huo vilikuwa Nairobi na Mombasa. Wafadhili, IMF wakiwemo, waliukosoa: nchi haina pesa, na hauhitajiki. Wakosoaji wa hapa nyumbani wakaongeza kwamba wakubwa wanajijengea kwao.

3/ Watetezi nao walikuwa na hoja. Bonde la Ufa kaskazini ndilo ghala la mahindi na ngano, na magharibi kuna mamilioni ya watu. Kwani kila kitu lazima kipitie Nairobi? Hoja hiyo haijafa, na ugatuzi umeipa nguvu zaidi.

4/ Kilichofuata hakikumpa yeyote ushindi kamili. Ndege za mizigo zilikuja kweli, nyingi kutoka Dubai, zimejaa bidhaa za kuuza madukani. Shida ni kwamba zikishashusha, mara nyingi zinaondoka Eldoret tupu, zinapitia Nairobi kubeba maua na mboga.

5/ Kwa nini? Kwanza, jiografia. Eldoret iko zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, kwa hivyo ndege nzito inahitaji kukimbia mbali zaidi ndiyo ipae. Njia ya Eldoret ni kilomita 3.5. Ya JKIA inapita 4, na Nairobi yenyewe iko chini kuliko Eldoret. Kutua na mzigo ni kitu kimoja, kupaa nao ni kingine.

6/ Pili, biashara. Mahindi hayapandi ndege. Bei yake kwa kilo haiwezi kulipa nauli hiyo. Vinavyolipa ni maua na mboga, na maua mengi hulimwa Naivasha, karibu na Nairobi.

7/ Kwa hivyo akija mtu kuwaahidi "tutarefusha njia ya ndege", msishangilie wala msizomee bado. Muulizeni: Mita ngapi? Nani atalipa? Wenye mashamba yatakayochukuliwa watalipwa lini? Na la muhimu kabisa: ndege ikishashusha mzigo wa Dubai, itapakia nini cha mkulima wa hapa?