Ukubwa wa Mnyama na Chembe za Urithi



Katika kijitabu hiki cha kuadhimisha miaka 10 ya chama chetu kikuu, yapasa pia kutaja mifugo. Katika nchi yetu, kuanzia Shinyanga hadi Geita, pamba huleta fedha ya msimu, lakini ng'ombe ndiye akiba ya nyumba.

Ng'ombe wetu wa asili ni zebu wa pembe fupi. Mwili wake ni mdogo, na tangu zamani wengi wametamani kumwongezea ukubwa. Lakini udogo huo una sababu. Mnyama mdogo hutosheka na malisho machache ya kiangazi, huenda mbali kutafuta maji, na koo zetu zimezoea kupe na maradhi ya hapa tangu enzi za mababu.

Jaribio kubwa la kwanza lilifanyika Mpwapwa katika miaka ya 1930. Zebu wetu walichanganywa na Sahiwal na Red Sindhi kutoka Bara Hindi, pamoja na Boran na damu kidogo ya Ayrshire kutoka Uingereza. Mwaka 1958 koo hiyo ilipewa jina la ng'ombe wa Mpwapwa. Karibu zaidi nasi, huko Malya katika Wilaya ya Kwimba, kazi ya namna hiyo ilianza kwa mbuzi katika miaka ya 1960. Mbuzi wa Malya alipangwa kuwa na damu ya Kamorai wa Pakistan asilimia 55, Boer wa Afrika ya Kusini asilimia 30, na mbuzi wetu wa asili asilimia 15.

Wataalamu wale walitumia macho, mizani na daftari. Hawakuweza kuiona ile chembe ya urithi, ambayo siku hizi huitwa jeni, inayomfanya ndama mmoja kuwa mkubwa kuliko mwenziwe. Chembe hizo zilianza kufichuka baadaye. Mwaka 1997 ilitambuliwa kwamba ng'ombe wa Ubelgiji wenye misuli ya ajabu wana kasoro katika jeni ya miostatini, ambayo kazi yake ni kuzuia misuli isizidi kiasi. Nyama yao ni nyingi, lakini ndama huwa mnene hata majike wengi huzalishwa kwa kupasuliwa. Mwaka 2011, kwa kuchunguza machotara wa Friesian na Jersey huko New Zealand, wataalamu walionyesha kwamba sehemu iliyo karibu na jeni iitwayo PLAG1 huathiri kimo na uzito. Mwaka 2018 uchunguzi wa ng'ombe zaidi ya 58,000, wengi wao wa koo za Ulaya, ulionyesha sehemu 163 za urithi zinazohusika na kimo.

Basi ukubwa haukai mahali pamoja. Chembe nyingi huongeza kidogo tu. Haba na haba hujaza kibaba. Kwa hiyo fahali mmoja aliyetoka mbali hawezi kuligeuza zizi zima kwa msimu mmoja, na asipopata majani ya kutosha, urithi wake mkubwa utakuwa njaa kubwa.

Sasa tujitazame wenyewe. Fahali anayekua upesi twamfanyaje? Mara nyingi huhasiwa awe maksai wa kuvuta plau, au hupelekwa mnadani angali kijana, kwa maana miji ya wachimba dhahabu yataka nyama. Anayebaki zizini ni yule ambaye mnunuzi hakumtaka, naye ndiye huwa baba wa ndama wote. Hivyo sisi wenyewe, bila kukusudia, twachagua udogo mwaka hata mwaka, na twapoteza urithi mwema uliokwisha kuwamo katika koo zetu.

Dawa yake haihitaji maabara. Kabla ya kuhasi, kila chama cha msingi na kichague mafahali bora waliozaliwa hapa hapa na kustahimili ukame, na wanachama wawatumie kwa zamu. Wabadilishwe kati ya vijiji ili fahali asipande binti zake. Uzito wa ndama na jina la baba yake viandikwe daftarini. Siku wataalamu watakapokuja kutafuta chembe za urithi za ng'ombe wa Usukuma, daftari hilo ndilo watakaloliomba kwanza.