Picha Linaanza: Mabishano ya Sinema na Lugha Iliyoyabeba

Kijana wa Dar es Salaam anapotaka kusimulia mkasa, hata kama ni mkasa wa kugombania kiti ndani ya daladala, hutanguliza maneno mawili: "Picha linaanza." Akishayatamka, wasikilizaji husogea. Hana haja ya kusema "paukwa" na kungoja aitikiwe "pakawa". Wengi wa wanaoyatumia maneno hayo hawakuwahi kukaa katika jumba la sinema la mtaa wao, maana majumba mengi yalikwisha kugeuzwa maduka na maghala kabla hawajazaliwa. Kwa maoni yangu, wamerithi ufunguzi huo kutoka kwa watu waliokuwa wakibishana kuhusu filamu, na mabishano hayo ni sehemu ya historia ya uhakiki wa Kiswahili ambayo tumeiacha nje ya vitabu vyetu.

Kwanza tuitazame sarufi yake, kwa kuwa ushahidi umo humo. Picha ya ukutani imo katika ngeli ya I-ZI: picha imechafuka, picha zimechafuka. Lakini filamu inaposimuliwa barazani huhamia ngeli ya LI-YA, ile tunayoitumia kukuza vitu: picha linaanza, picha limeisha, picha lilikuwa kali. Hakuna mwalimu aliyeamua hivyo. Msimulizi alihitaji chombo cha kuonyesha ukubwa wa alichokiona, na ngeli ikampatia. Tazama na nyakati za vitenzi. Hadithi ya bibi hutembea kwa -li- na -ka-: alikwenda, akamkuta, akamwambia. Msimulizi wa filamu husema: anakwenda, anamkuta, anamwambia. Anaonyesha yanayopita mbele ya macho yake sasa hivi, nawe huna budi kuyaona pamoja naye. Yeyote anayefundisha nyakati za masimulizi bila kuugusa mtindo huu anafundisha nusu tu ya Kiswahili kinachosimuliwa.

Chimbuko lake ni la zamani kuliko wengi tunavyodhani. Unguja ilikuwa na jumba la sinema la fahari mapema katika miaka ya 1920, lililoanzishwa na mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla na kusanifiwa na John Sinclair, yule yule aliyechora majengo mengi ya serikali kisiwani. Mombasa, Dar es Salaam, Tanga na miji mingine nayo ikafuata. Filamu zilitoka Marekani, Uingereza, Misri, na zaidi ya kote, Bombay. Laura Fair, mwanahistoria aliyeandika kitabu kizima kuhusu watazamaji wa Tanzania, ameonyesha jinsi siku ya sinema ilivyokuwa siku ya mji mzima.

Nacheka kidogo ninapokumbuka kwamba kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Waingereza walikuwa wakiendesha jaribio la kutengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Wakati huo wakoloni wengi waliamini kwamba Mwafrika hawezi kuifuata filamu isipokuwa iwe ya polepole na nyepesi. Nao watu wa Unguja walikuwa na zaidi ya miaka kumi ya kuchambua picha za kila aina, za lugha ambazo hata hawakuzijua.

Jambo hilo la lugha lina uzito. Watazamaji wengi wa Kiswahili hawakukijua Kihindi. Aliyeelewa aliwanong'oneza wenziwe ukumbini, na kesho yake picha likasimuliwa upya barazani, kazini, kisimani. Waliokosa tiketi walilijua kwa masikio. Kila msimulizi alilazimika kuchagua: aseme nini, arefushe wapi, nani amtetee. Humo ndimo ubishi ulimozaliwa.

Nilikulia pembeni ya ubishi wa aina hiyo. Marehemu mjomba wangu alikuwa fundi cherehani Ng'ambo, na kwake hapakuwa na picha duniani lililoizidi Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951. Jirani yake, muuza viungo, alikuwa mtu wa Mother India ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957. Walibishana kwa miaka na miaka, na nilichogundua baadaye ni kwamba silaha zao hazikuwa kamera wala waigizaji. Zilikuwa methali.

Kisa cha Awara ni hiki. Hakimu Raghunath anamhukumu mtu aitwaye Jagga kwa hoja kwamba mwana wa mwizi hana budi kuwa mwizi. Jagga anapotoka jela analipiza: anamteka Leela, mke wa hakimu, kisha anamwachia anapojua ana mimba. Hakimu anaingiwa na shaka, anamfukuza mkewe, na mtoto anazaliwa mtaani. Jagga anamlea mtoto huyo katika wizi ili kuuthibitishia ulimwengu kwamba damu ya hakimu nayo huiba. Mwisho wake ni mahakamani, baba akiwa hamjui mwanawe. (Prithviraj aliyeigiza hakimu alikuwa baba mzazi wa Raj Kapoor, jambo ambalo mjomba hakuchoka kulitaja.)

Sasa iweke filamu hiyo katika Zanzibar ya miaka ya 1950, mji ambao watu waliulizana nasaba kabla ya kuulizana hali, na ambao siasa zilikuwa zikianza kuwapanga watu kwa asili zao. Falsafa ya hakimu ilikuwa na jina tayari katika Kiswahili: mtoto wa nyoka ni nyoka. Jawabu lake lilikuwapo pia: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hizi mbili zimeishi pamoja kwa karne bila kugombana, kila moja ikitolewa inapofaa. Awara ikazikutanisha mahakamani. Aliyeipenda filamu hiyo alilazimika kuchagua methali, na aliyechagua methali alikuwa amesema jambo kuhusu jirani zake. Mjomba alisema wazi kwamba picha hilo ndilo lililomfanya aache kuuliza "huyu ni wa nani?"

Muuza viungo naye alishika la kwake. Katika Mother India, mama aitwaye Radha, aliyelea wanawe katika njaa na deni, anampiga risasi mwanawe kipenzi, Birju, anapomteka msichana wa kijiji siku ya harusi yake. Je, amefanya haki? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wakasema wengine, basi mwenye uchungu hawezi kuua. Wengine wakajibu kwamba ni yeye pekee mwenye mamlaka hayo, kwa sababu ndiye aliyemzaa. Hapo ubishi uliacha kuwa wa filamu ukawa wa radhi ya mzazi na mipaka yake.

Hapo ndipo neno "stelingi" lilipoleta taabu. Mabango ya sinema yalitanguliza majina ya wachezaji wakuu kwa neno la Kiingereza starring, nasi tukalitwaa kuwa cheo cha mtu: stelingi ni shujaa, kinyume chake ni adui. Likazaa kanuni inayojulikana hata na watoto: stelingi hafi. Kama kanuni ni kweli, basi Birju si stelingi, bali ni Radha, mwanamke wa makamo. Wapo waliolikataa hilo katakata. Na Sholay ya mwaka 1975 ikaja kuivuruga kabisa, kwani Jai, aliyechezwa na Amitabh Bachchan, anakufa, na mwenzake Veeru, aliyechezwa na Dharmendra, anabaki hai. Wapenzi wa Amitabh waliinusuru kanuni kwa hoja ninayoiona nzuri sana. Jai alirusha sarafu ili kuamua nani abaki kupigana, nayo sarafu, inabainika baada ya kifo chake, ilikuwa na pande mbili zinazofanana. Kwa hiyo hakufa, alijitoa.

Ningependa wanafunzi wetu wa tanzia waanzie hapo. Wangeona kwamba kanuni ya "stelingi hafi" ni ngeni katika fasihi yetu wenyewe. Fumo Liyongo ndiye stelingi mkubwa kuliko wote wa pwani, naye alikufa, tena kwa sindano ya shaba iliyochomwa kitovuni na mwanawe wa kumzaa. Hadhira iliyomjua Liyongo haikuhitaji kuelezwa kwa nini mama na mwana wa Mother India wanaliza.

Washairi walikuwa na mlango wao katika mabishano haya, nao ulikuwa wimbo. Wengi waliipima filamu kwa nyimbo zake. Mohamed Khamis Juma Bhalo wa Mombasa alizichukua lahani za filamu za Kihindi akaziimbia mashairi ya Kimvita, na hadhira yake ikatambua picha lililotoa lahani pamoja na fumbo lililowekwa juu yake. Wapo wanaoiona kazi hiyo kuwa uvivu wa kuazima. Mimi sikubali. Lahani ya Kihindi huvuta silabi pale ambapo mizani yetu haivuti. Kuupachika ubeti wenye vina kamili bila kuvunja neno ni kazi ya fundi, nami nimejaribu nikashindwa.

Kaseti za video zilipoenea, usimulizi ukawa kazi ya kulipwa. Dar es Salaam ikampata Lufufu, aliyetafsiri, kufafanua na kuongeza chumvi juu ya sauti ya filamu yenyewe. Mtafiti Matthias Krings ameifananisha sanaa hiyo na kugeuza wali kuwa pilau. Kenya ina DJ Afro. Hawa angalau sauti zao zimehifadhiwa, na ya barazani hayakuhifadhiwa.

Jarida la Sight and Sound la London limekuwa likikusanya kura za filamu bora kila miaka kumi tangu 1952, mwaka mmoja baada ya Awara. Lilianza na Ladri di biciclette ya Italia, likaiweka Citizen Kane kileleni kuanzia 1962 hadi 2002, kisha Vertigo, na mwaka 2022, kwa kura za watu zaidi ya 1,600, Jeanne Dielman ya Chantal Akerman. Nafurahi kwamba orodha hiyo hubadilika na kwamba kila badiliko limeandikwa. Sisi hatuwezi hata kusema kama Ng'ambo ya 1960 ilikubaliana na Ng'ambo ya 1980.

Ninachoweza kuandika ni kauli moja ya bibi yangu. Yeye alikuwa akienda maonyesho ya zanana, ya wanawake peke yao, na kwa hiyo alilijua picha kutoka upande ambao wanaume hawakukaa. Jioni moja mjomba na muuza viungo walikuwa wamefika kwenye damu na malezi, kama kawaida, naye akatoa kichwa mlangoni. "Mnagombana mtoto ni wa nani," alisema. "Leela kafukuzwa usiku na mimba yake kwa dhana tu. Picha zima hakuna aliyemtaka radhi, na nyinyi miaka yote hii hamjamtaja."

Mjomba akasimamisha cherehani. Alikaa kimya kitambo, kisha akamwambia jirani yake, "Basi tulianze upya."

Wakalianza: "Picha linaanza, mwanamke amefungiwa mlango."