Pepo Zilizozaa Pande: Kaskazi na Kusi katika Bahari ya Unguja

Kiswahili hutaja pande kuu nne kwa misingi miwili. Mashariki na magharibi, maneno ya asili ya Kiarabu, hufuata jua. Kaskazini na kusini hufuata upepo. Wapo wanafunzi wanaodhani kwamba upepo ulipewa jina la upande. Mofolojia yakanusha: kiambishi -ni ndicho kilichoufanya upepo kuwa mahali. Baharia aliipanga dunia kwa kile kilichojaza tanga lake.

Kaskazi, ivumayo takriban Desemba hadi Machi, ndiyo iliyoleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi iliyarejesha. Kusi ni kali zaidi. Mawimbi yake huvunjika kwa kishindo juu ya mwamba wa pwani ya mashariki ya Unguja, hali upande wa mjini, uliositirika, bahari huwa shwari zaidi. Kati ya pepo hizo mbili huja malelezi, majira ya upepo usio na msimamo.

Ni katika majira hayo, tarehe 15 Aprili 1872, kimbunga kilipoipiga Unguja, kisiwa kilicho karibu mno na Ikweta kuzoea balaa ya namna hiyo. Merikebu nyingi za Sayyid Barghash ziliangamia bandarini, na mikarafuu ikang'olewa shamba kwa shamba. Pemba, kilomita 50 hivi kaskazini, ilinusurika kwa sehemu kubwa. Baadaye ndiyo iliyotoa karafuu nyingi kuliko Unguja.