Palu ama Ebola? Namna zone ya afya inapambana na homa ya mbu

Ukitaja mwaka 2018 kwa mtu wa Beni, atakuambia Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti, ikianzia Mangina, na ilikuja kumalizika tu tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu 2.287. Lakini kuna ugonjwa mwingine uliopanda wakati ule ule na ambao watu hawausemaki sana: malaria, ile tunaita palu. Mwezi wa 9 mwaka 2018, malaria katika Kivu ya Kaskazini ilikuwa imeongezeka hadi mara nane ukilinganisha na mwezi kama ule mwaka 2017.

Shida ni kwamba magonjwa haya mawili yanaanza sawasawa. Homa, kichwa kuuma, viungo kulegea, kutapika. Kwa macho, hata munganga wa miaka mingi hawezi kutenganisha. Shirika la Afya Duniani (OMS) lilisema kwamba hadi nusu ya watu waliopimwa katika vituo vya Ebola walikutwa na malaria peke yake. Maana yake, mtu mwenye palu ya kawaida alikaa akingojea matokeo karibu na watu wanaoshukiwa kuwa na Ebola, na waganga wakamaliza nguvu kwa wagonjwa ambao vidonge vya siku tatu vingewatosha. Na wengine, kwa woga wa kupelekwa kule, walibaki na mtoto nyumbani.

Ndiyo sababu mwisho wa mwezi wa 11, 2018, wizara ya Afya pamoja na OMS na washiriki wengine walifanya jambo lisilo la kawaida huko Beni: siku nne za kugawa dawa ya malaria, hata kwa mtu asiyeumwa, pamoja na mustikere zenye dawa. Walilenga watu hadi 450.000. Njia hiyo ilitoka Sierra Leone, ambako ilitumiwa mwaka 2014 wakati wa Ebola ya kule. Mpango ulikuwa wazi: homa zikipungua mjini, foleni kwenye vituo vya Ebola inapungua pia. Na yote hayo yalifanyika katika eneo ambako milio ya risasi ilikuwa inasikika.

Lakini nani anaonaka kwamba ugonjwa umepanda? Kazi inaanzia chini kabisa. Relais wa kijiji anapeleka habari kwa muuguzi mkuu wa kituo cha afya. Huyu anahesabu kesi na vifo vya wiki nzima, anatuma kwa ofisi ya zone. Kutoka pale zinaenda kwa divisheni ya afya ya mkoa, kisha Kinshasa. Nchi iko na zone za afya 519. Hesabu ya wiki hii inalinganishwa na ya wiki kama hii miaka iliyopita. Ikiruka, inabidi timu itumwe. Muuguzi mmoja akikosa réseau wiki mbili, mnyororo mzima unakuwa kipofu kwa upande ule.

Mfano mzuri ni Panzi. Si ile Panzi ya Bukavu yenye hopitali. Hii ni zone ya afya katika mkoa wa Kwango. Kesi ya kwanza iliyoandikwa ni ya tarehe 24 Oktoba 2024, lakini tahadhari ilifika Kinshasa karibu na tarehe 29 Novemba. Hadi tarehe 5 Desemba kulikuwa wagonjwa 406 na vifo 31, wengi wakiwa watoto wadogo. Dunia nzima ikaandika juu ya "ugonjwa usiojulikana". Kwa gari, kutoka Kinshasa ni karibu siku mbili, na kule hakukuwa maabara ya kutosha. Sampuli 12 za kwanza zilipopimwa, 10 zilionyesha malaria. Mvua, njaa na magonjwa ya kifua vilikuwa vimeongeza uzito wake kwa watoto.

Hapa kuna jambo ambalo linachanganyaka watu. Kipimo cha palu kikisema ndiyo, hakisemi kwamba hakuna kingine. Katika maeneo yetu mtu anaweza kubeba vimelea vya malaria na akawa pia na ugonjwa mwingine. Kwa hiyo muuguzi akiendelea kuuliza maswali baada ya kipimo, hapotezi wakati.

Mtoto mwenye homa apimwe siku ile ile, ama kesho yake asubuhi. Akipata degedege, akishindwa kunyonya ama kunywa, akitapika kila kitu, akipumua kwa nguvu ama akilala bila kuamka vizuri, hiyo ni palu kali hadi ithibitishwe vingine. Apelekwe hopitali hata usiku. Vidonge vilivyobaki vya ndugu yake havitoshi.